Mashahidi wa Nambunda

Lindi, 20 Januari 2025

Kwa Mwenyekiti, Katibu na wanachama wote wa Kikundi cha Wachimba Jasi, Nambunda, nyuma ya Kiswere

Ndugu zangu,

Nawasalimu kwa heshima, na walionizidi umri nawaamkia: shikamooni. Najua barua hii inasomwa na Katibu wenu, Bi Zuhura Abdulrazak, mbele ya mlango wa handaki, nanyi mmeketi juu ya magunia. Ninaiheshimu kanuni yenu. Mwaka jana mtu alipiga simu akijiita ofisa, akawaamuru mwondoke kilimani kwa usalama wenu, na mliporudi mlikuta lundo lenu la jasi limepakiwa likaenda zake. Tangu hapo mkaafikiana kwamba neno la simu halifungi handaki wala halifungui. Kinachofunga na kufungua ni barua yenye saini, inayosomwa na Katibu mbele ya wote. Basi mimi, mhandisi wa miamba mliyemwita awashauri, nitasema nanyi kwa kalamu.

Handaki lenu ni la kina kifupi. Wengi hudhani kina kifupi ni salama, kwa kuwa mzigo wa juu ni mdogo. Ni kweli mzigo ni mdogo. Lakini mwamba wenyewe nao ni mwembamba, umelowa mvua za miaka mingi na kupenywa na mizizi. Dari ya namna hiyo haijitegemei. Inategemea nguzo za mwamba mlizoziacha bila kuzichimba, na hasa ile kubwa ya chumba cha katikati, ambayo mmeipa jina la Mama Mkwe kwa sababu kila apitaye ubavuni pake huinamisha kichwa.

Juma lililopita tulizitafuta pamoja nyufa za dari. Juu ya kila ufa Fundi Tawakali alipaka kiraka cha plasta ya jasi, chembamba kama chapati, kikashika pande zote mbili za ufa. Vijana wameviita viraka hivyo mashahidi, na jina hilo limenipendeza. Plasta hainyumbuki. Mwamba ukisogea, hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, kiraka kitapasuka. Shahidi akiwa mzima, dari imetulia. Akipasuka, dari inatembea, na watu watoke. Kila Alhamisi Katibu apite na taa awakague, na Ridhiwani apite na fimbo ya chuma aigonge dari: mwamba ulioshikana hulia kama kengele, uliolegea hulia kama ngoma. Kisha niandikieni mlichokiona na mlichokisikia.

Mama Mkwe asiguswe hadi tuzungumze tena.

Wenu katika kazi,
Benjamini Alfonsi


Nambunda, 14 Februari 2025

Kaka Benjamini,

Salamu kutoka kilimani. Barua yako ilifika kwa mkono wa kondakta wa basi la asubuhi, nikaisoma siku hiyohiyo. Nilipofika pale uliposema watu wameketi juu ya magunia, waliokuwa wamesimama wakaketi, ili usije ukaonekana mwongo.

Taarifa yangu ni fupi na njema. Kila Alhamisi nimepita na taa, na mashahidi wote ni wazima. Si wazima tu, wanang'aa. Fundi Tawakali, ambaye alipaka plasta nyumba nyingi za Kilwa Masoko kabla mgongo haujamrudisha nyumbani, ana desturi ya kuingia handakini siku moja kabla yangu, akafagia na kusafisha kuta. Nikifika nakuta mahali kama ukumbi unaomsubiri bwana harusi. Nilimwambia asijichoshe. Akanijibu, "Mwanangu, wewe unakuja kukagua. Mkaguzi ni mgeni, na mgeni haoneshwi ukuta mchafu." Nikamwacha, maana mtu hubishana na mzee juu ya mengine, si juu ya adabu.

Ridhiwani anaigonga dari kama ulivyomfundisha. Pengine hukujua kwamba ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, na mama alipokuwa akiondoka duniani aliuweka mkono wake ndani ya mkono wangu. Fimbo ikilia kengele, moyo wangu nao hutulia.

Sasa lile aliloniagiza Mwenyekiti Hussen. Mnunuzi wetu anataka jasi nyeupe, na nyeupe kuliko zote imo ndani ya Mama Mkwe. Ya pembeni ina udongo, hupakiwa leo ikarudishwa kesho. Mkutanoni Hussen alisema, "Muulize huyo mtani wangu wa Kimakonde. Kwao mtu akiona gogo zuri halali mpaka alichonge. Sisi tumepata gogo jeupe, yeye anatuambia tuliamkie tupite." Watu wakacheka. Ridhiwani akasema, "Mama mkwe hachongwi, Mwenyekiti." Hussen akamgeukia, "Wewe huna hata mchumba, mama mkwe umemjulia wapi?"

Nyuma ya utani huo kuna haja ya kweli. Usipowajibu, wataanza kuikwangua usipokuwepo, na nguzo inayokwanguliwa kwa siri ni hatari kuliko inayopunguzwa kwa mpango. Nakuomba utupe neno.

Wako,
Zuhura Abdulrazak, Katibu


Lindi, 21 Februari 2025

Kwa Mwenyekiti, Katibu na wanachama

Ndugu zangu,

Nimeisoma taarifa ya Katibu kwa furaha, na haja yenu nimeielewa. Mambo mawili.

Nguzo kama Mama Mkwe inaweza kupunguzwa ubavu mmoja, ikiwa matimba, yaani magogo ya kuegemeza dari, yatasimamishwa kwanza. Lakini siwezi kuandika ndiyo kabla ya masika. Hadi sasa mashahidi wetu hawajaulizwa swali gumu. Mvua kubwa ndiyo itakayowahoji: maji yatashuka, mwamba utalemewa, na hapo ndipo tutajua wana neno gani. Wakifika karibu na Idi wakiwa wazima, nitaandika ruhusa kwa mkono wangu.

La pili ni la mtani wangu Hussen. Mwambieni kwamba kwetu mchongaji huanza kwa kulitazama gogo, na anaweza kulitazama mwaka mzima. Anayelirukia na shoka siku ya kwanza huitwa mkata kuni.

Wenu,
Benjamini Alfonsi


Nambunda, 20 Machi 2025

Kwa Mhandisi Benjamini Alfonsi

Taarifa ya Katibu. Mvua zimenyesha kwa nguvu tangu mwanzo wa mwezi. Nimekagua kila Alhamisi bila kukosa. Mashahidi wote ni wazima, wasio na ufa wala alama. Kikundi kinaomba ruhusa uliyoahidi.

Zuhura Abdulrazak


(Karatasi ya pili, iliyokunjwa peke yake)

Kaka Benjamini, waraka huu si wa kusomwa mkutanoni. Ni wa kukusalimu tu, maana taarifa ni kavu na mimi si mkavu.

Saumu inakwenda vizuri. Kazi tunaianza alfajiri na kuiacha jua likiwa bado halijakasirika. Akina Erasmo, ambao hawafungi, hunywa maji yao nyuma ya kilima ili wasituoneshe, nasi hujifanya hatujui waliko.

Juu ya kilima kuna vita. Mama Rosalia, mwenye shamba la ufuta lililo juu ya handaki letu, amegombana na jirani yake, Mfaume. Dimbwi limetokea katikati ya shamba, mahali ambapo maji hayakuwahi kusimama tangu alipolifyeka, na ufuta wa hapo umeoza. Anasema Mfaume ameugeuza mfereji. Mfaume anaapa hajaugusa. Nimewasuluhisha mara mbili. Mara ya pili Mama Rosalia alisema, "Basi kama si wewe, shamba limeamua lenyewe kuwa bakuli." Mpaka leo hawapeani chumvi.

Ridhiwani naye ananiambia fimbo haimlii vizuri karibu na Mama Mkwe. Hussen akamtania, "Ni saumu hiyo, mdogo wangu. Mwenye njaa husikia ngoma kila mahali." Tukacheka, naye akacheka. Kwa kuwa mashahidi ni wazima, sikuliweka katika taarifa.

Wasalimie nyumbani.

Zuhura


Lindi, 24 Machi 2025

Kwa Mwenyekiti, Katibu na wanachama

Ndugu zangu,

Nimeipokea taarifa ya Katibu hapa ofisini asubuhi hii, na bila kuwachelewesha najibu. Mashahidi wamehojiwa na masika wakabaki wazima. Kwa barua hii naruhusu Mama Mkwe apunguzwe ubavu wa mashariki, upana wa mikono miwili, si zaidi. Matimba yasimame kwanza. Kazi ianze Alhamisi ya kwanza baada ya Idi, ili watu wawe wamekula na kupumzika. Atakayeingia mbele na kupiga sururu ya kwanza awe Ridhiwani, kwa kuwa ndiye anayeijua sauti ya dari kuliko wengine.

Nawatakia Idi njema.

Benjamini Alfonsi


Lindi, 26 Machi 2025

Kwa Mwenyekiti, Katibu na wanachama, isomwe mara ifikapo

Ndugu zangu,

Ruhusa niliyoitoa juzi naifuta. Mtu yeyote asiingie chumba cha katikati.

Naomba mnivumilie nieleze, maana nisipoeleza mtasema mhandisi ni kinyonga. Katibu alinitumia karatasi mbili. Ya kwanza niliisoma ofisini, nikaandika ruhusa. Ya pili, iliyokuwa ya salamu, niliiweka mfukoni nikaisoma nyumbani jana, baada ya barua yangu kuwa imekwisha kupanda basi. Humo nikakuta mambo mawili. Katikati ya shamba la Mama Rosalia maji yamesimama mahali ambapo hayakuwahi kusimama. Na fimbo ya Ridhiwani inalia ngoma karibu na Mama Mkwe.

Dari ya handaki la kina kifupi ikianza kushuka, ardhi ya juu hushuka pamoja nayo. Hutengeneza bonde dogo ambalo jicho halilioni, lakini maji huliona. Mfaume hakugeuza mfereji. Ni shamba linalozama.

Mashahidi wanasema dari imetulia. Shamba na fimbo vinasema inashuka. Hawawezi wote kuwa wakweli, na sijui kwa nini mashahidi wetu wanasema wasichokiona.

Dada Zuhura, jana nilipokupigia simu ulikuwa barabarani Kiswere, ukanisikia vizuri, ukanikumbusha kanuni. Ulikuwa na haki. Nimepeleka barua hii stendi, nikitaka kuja nayo mwenyewe. Wameniambia maji yameikata barabara huko mbele na magari yamelala pande zote mbili. Itabaki kwa dereva hadi njia ifunguke. Nakuomba nililokuomba kwenye simu: chukua kisu, umkwangue shahidi mmoja.

Benjamini Alfonsi


Nambunda, 2 Aprili 2025

Kwa Mwenyekiti na wanachama wote wa Kikundi, isomwe na Katibu mbele ya wote

Ndugu zangu,

Amani iwe juu yenu. Waliofunga nawapa mkono wa Idi. Wasiofunga nawashukuru kwa staha mliyotuonesha mwezi mzima.

Juma lililopita nilisimama hapa nikawasomea ruhusa ya Mhandisi, mkaifurahia. Leo nimesimama na karatasi nyingine, na nataka mjue tangu mwanzo ni ya nani. Si ya Mhandisi. Ameniambia kwa simu kwamba ameifuta ruhusa yake na barua ya kuifuta iko njiani. Lakini njia imekatika, na barua haijafika. Ningeweza kushika karatasi tupu nikajifanya ninaisoma, na hakuna ambaye angejua. Ila siku mtakapojua, hamtaiamini tena karatasi yoyote iliyo mkononi mwangu, na kanuni yetu itakuwa imeuawa na aliyekabidhiwa kuilinda. Kwa hiyo nimeandika yangu. Kanuni inataka barua, inataka saini, inataka msomaji mbele ya wote. Haikutaja mwandishi.

Sikilizeni nilichokiona. Nilikuwa nikiingoja barua hiyo; ilipochelewa, jana niliingia na kisu, nikamkwangua shahidi aliye ubavuni pa Mama Mkwe. Chini ya plasta mpya palikuwa na plasta ya zamani, imepasuka. Chini ya hiyo palikuwa na nyingine, nayo imepasuka. Nikaenda kwa wa pili, nikakuta hivyohivyo. Mashahidi wetu hawakunyamaza hata juma moja. Walisema, wakafunikwa, wakasema tena, wakafunikwa tena, nami nikaja na taa yangu nikaandika kwamba ni wazima.

Hakuna aliyefanya hila. Katika pwani yetu tumelelewa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na mtu mwema akiona ufa, mkono wake huuendea mwiko kabla hajafikiri. Nyumbani kwake anafanya sawa. Lakini hapa ndani ufa ndio ulimi wa mlima, na hatuna ulimi mwingine wa kuusikiliza. Tukiuziba kwa wema, tumeuziba hata hivyo.

Nayajua mnayoyakosa. Mmeilinda nguzo ile miezi yote mkiitazama kama mwenye njaa atazamavyo sufuria ya jirani. Namjua pia anayepaswa kupiga sururu ya kwanza kesho. Ni mdogo wangu. Mtasema nasema kwa ajili yake. Ndiyo, kwa ajili yake, na sioni sababu ya kulificha hilo. Lakini baada yake anaingia mtoto wa mwenzetu Consolata, na baada yake Erasmo, na baada yake Mwenyekiti, ambaye hajawahi kumtuma mtu mahali asipoingia mwenyewe. Kila mmoja wenu ana aliyeuweka mkono wake ndani ya mkono wa mtu.

Kwa barua hii chumba cha katikati nimekifunga. Tupake mashahidi wapya leo, na plasta ikiwa mbichi tuichore tarehe kwa ncha ya msumari, kisha asiwaguse yeyote, hata kwa ufagio. Ikiwa watabaki wazima hadi Mhandisi atakapofika, nami nikawa nimewazuia bure, mchague katibu mwingine siku hiyohiyo. Nitamkabidhi muhuri bila kusema neno.

Zuhura Abdulrazak, Katibu


Nambunda, 11 Aprili 2025

Kaka Benjamini,

Barua yako ya tarehe ishirini na sita imefika juzi, imelowa pembeni lakini inasomeka. Nakusimulia yaliyopita kabla haijafika, kwa kuwa ulikuwa ukinipigia nami sikuweza kupokea. Nilikuwa chini ya kilima tangu asubuhi hadi jioni, na huko hakuna mtandao.

Nilipomaliza kusoma, Hussen akasema, "Katibu, umejiandikia, umejisomea. Utajijibu pia?" Wakacheka, na kile kicheko kilinitisha, kwa kuwa mtu anayecheka ameshaamua. Erasmo akauliza, "Na ni nani aliyeziba?" Nilijua. Sikuliweka jina katika barua kwa makusudi, na nilikuwa natafuta maneno ya kulikwepa.

Fundi Tawakali akasimama. Alivua kofia, jambo ambalo sijamwona akilifanya mbele ya watu.

"Niulizeni mimi," alisema. "Juma lile la kwanza niliingia kufagia, nikamkuta mmoja ana ufa kama unywele. Nikaona haya. Nikasema, plasta yangu imepasuka kabla ya mwezi, watu watasema nini? Nikairudia. Juma lililofuata wakapasuka wawili. Nikaichoma jasi upya, nikaichekecha kwa kitambaa, nikadhani moto ulikuwa mdogo. Ikapasuka tena. Mkono huu umepaka nyumba arobaini. Nikasema basi, Tawakali, mkono umezeeka. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa watu kukasirika. Kwa lile sikujiandaa. Alidhani anaficha uzee wake, kumbe anaficha mlima.

Aliyemjibu ni Hussen. "Fundi," akasema polepole, "kumbe plasta yako ilikuwa nzima siku zote. Ni mlima uliokuwa ukikuharibia kazi." Watu wakacheka, safari hii kwa sauti nyingine, na Mzee mwenyewe akacheka hadi akajifuta uso kwa kofia yake. Ridhiwani akamletea mwiko. Hussen akanigeukia. "Chumba kimefungwa. Barua ina saini. Ila mwambie mtani wangu asijisifu, tumefungiwa na mwanamke wa Kiswere, si na Mmakonde wa Lindi."

Mashahidi wapya walipakwa siku hiyo, kila mmoja na tarehe yake. Alhamisi iliyofuata niliingia na Ridhiwani. Hatukuhitaji taa kali. Wanne karibu na Mama Mkwe walikuwa wamekatika katikati, na ufa umepita juu ya tarehe yenyewe, kati ya siku na mwezi. Sikupata furaha ya mtu aliyeshinda. Niliutazama tu mkono wa mdogo wangu ulioshika fimbo.

Barua yako niliisoma hata hivyo mbele ya wote, kwa sababu kanuni ni kanuni. Hussen alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyu naye anatuletea magazeti ya juzi."

Mama Rosalia nimemshauri auvune ufuta wake mapema mara tu ukikomaa, na asilikanyage lile bakuli. Mfaume amempelekea kuku wa suluhu. Amempokea kuku, Mfaume mwenyewe bado.

Wako,
Zuhura


Lindi, 17 Aprili 2025

Dada Zuhura, na kupitia kwako Kikundi chote,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Kinachonikaa moyoni si zile nyufa. Tulimpa fundi bora wa plasta kazi ya kupaka plasta iliyokusudiwa kupasuka, na hakuna kati yetu aliyefikiri itakuwaje mtu wa namna hiyo kuitazama kazi yake ikipasuka. Nilieleza mwamba hufanya nini. Sikuuliza fundi hufanya nini.

Chumba cha katikati kibaki kimefungwa. Nitakuja barabara ikikauka, tuipange kazi ya ubavuni pa kilima, kwenye shimo la wazi lisilo na dari ya kuogopa. Jasi ya huko ina udongo, lakini nimemwandikia mnunuzi mwingine asiyechagua weupe.

Mpe Mzee Tawakali shikamoo yangu. Mwambie nina haja ya mkono wake, kwa sababu plasta mbovu hupasuka yenyewe kwa jua na upepo, na mtu hajui imesema nini. Inayopasuka kwa sababu moja tu ni plasta nzuri.

Benjamini Alfonsi


Nambunda, 6 Juni 2025

Kwa mwanangu Benjamini Alfonsi, Lindi

Marahaba, mwanangu, kwa salamu zote ulizoniletea kwa ulimi wa Katibu. Ama baada ya salamu, nakuarifu kwamba sisi sote ni wazima, alhamdulillahi, na kwamba barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, ingawa Katibu alitaka kuniandikia.

Jumapili iliyopita, mchana, dari ya chumba cha katikati imeshuka. Hapakuwa na mtu. Wakristo walikuwa kanisani, sisi wengine tulikuwa majumbani, na chumba kilikuwa kimefungwa kwa magogo tangu siku ile. Tulisikia mlio mmoja mzito, si mkubwa kama mtu angedhani. Kama gunia lililotupwa chini na mtu aliyechoka. Vumbi jeupe likatoka mlangoni pa handaki polepole.

Tulipokwenda kutazama kwa mbali, tuliona Mama Mkwe bado amesimama. Kifusi kimemfika kiunoni. Kilichoanguka ni upande wake wa mashariki, pale alipokuwa aanze Ridhiwani. Kijana alipaangalia kwa muda, akaenda akakaa karibu na dada yake. Katibu akamfuta vumbi begani, ingawa halikuwepo.

Juu, shamba la Mama Rosalia limetoboka. Ufuta alikuwa ameuvuna tayari. Amesema, "Nimepata kisima bila kumlipa mchimbaji." Mfaume ndiye aliyemzungushia uzio wa miti kwa hiari yake, na sasa wanapeana chumvi.

Mashahidi ninawapaka mimi, upande ule ulio wazi, kwenye kingo za shimo. Nachoma jasi kama zamani, nachekecha kwa kitambaa, naandika tarehe. Kisha naweka mwiko chini na kuondoka. Huko kuondoka ndiko kulikonigharimu kujifunza. Wiki za mwanzo nilikuwa nikimwomba Ridhiwani anishike mkono tukitoka, kama mtu anayetolewa msibani.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Nyumbani kwangu, ukuta wa sebule ulio mkabala na mlango una ufa. Ulikuwepo tangu mwaka juzi, na kila Idi nimekuwa nikiuziba. Kesho ni Idi ya kuchinja. Mji mzima unapaka chokaa, na mke wangu ameniuliza mara mbili mwiko uko wapi. Safari hii sikuuziba. Nimepaka kiraka kimoja chembamba katikati yake, nikachora tarehe ya leo kwa msumari. Nyumba hii ni ya zamani, mwanangu, na wajukuu wanalala humo. Ninataka kujua inasema nini.

Wageni watakuja kesho watauona. Watasema Fundi Tawakali amezeeka, hata ukuta wake mwenyewe umemshinda. Nimelifikiria hilo nikiwa nimeketi hapa, mkabala nao, nikaona ninaweza kulibeba.

Ukija kilimani usipite bila kuingia kwangu. Nitakukaribisha kiti kinachoutazama ukuta huo, na wewe usione haya kuutazama.

Wako mzee,
Tawakali